Kuuliza Hakupandi Wazo

Msikilizaji, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Kwetu Tanzania, kutoka vijiji kama vya Mgeta au Kinole hadi hospitali ya mkoa mjini Morogoro ni safari ya milima, lakini mjomba, mwalimu, jirani na dereva wa bodaboda wako karibu. Hao ndio wa kufundishwa kwanza. Wajue dalili: mtu anayesema amekuwa mzigo, anayejitenga, anayegawa vitu vyake au kuaga ghafla. Wamuulize waziwazi kama anafikiria kujiua, wamsikilize bila kumhukumu, wasimwache peke yake, waondoe vitu vya hatari, kisha wamsindikize kituo cha afya.

Wapo wanaohofu kwamba swali hilo litampandia wazo. Tafiti hazithibitishi hofu hiyo. Mara nyingi kuulizwa humpunguzia mtu uzito. Wengine husema hiyo ni kazi ya daktari. Kweli, tiba ni yake, lakini mara nyingi mgonjwa humfikia daktari baada ya mtu wa karibu kuona dalili. Pingamizi zito zaidi ni sheria: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na woga huzifanya familia zifiche jambo hilo. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kama hicho kinakiuka Katiba. Sisi tusisubiri mahakama ndipo tuulizane hali. Nawe unayelemewa, mwambie mtu leo. Fika kituo cha afya kilicho karibu.