Mazungumzo kwa Wakulima: Hesabu Vitumba, Usitazame Urefu

Wakulima wa Kakamega, mmea wa pamba uliorefuka na kujaa majani hupendeza macho tu. Mavuno yako kwenye vitumba: idadi yake kwa kila mmea na uzito wa kila kimoja. Ndivyo watafiti wanavyoipima mbegu.

Lakini kuna mvutano. Mara nyingi mmea unaozaa sana huwa na nyuzi fupi zaidi, na kiwanda cha kusokota kinataka ndefu na imara. Tena katika kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi ni kama theluthi tu.

KSA 81M ilikusudiwa Magharibi, HART 89M Mashariki. Mbegu zikichanganywa jineri, nyuzi hutoka hazilingani, nazo hukatika zikisokotwa.