MTETEMO WA INJINI NA SHAFTI KATIKA BOTI: NAMNA YA KUTAFUTA CHANZO CHAKE

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya manahodha, mafundi wa mitambo na watumishi wanaosafiri kwa boti baina ya visiwa. Yanachapishwa ili yawafikie pia wananchi wenye boti zao wenyewe.



Kila boti yenye injini hutetemeka kidogo, na hilo si kasoro. Linalostahili kuangaliwa ni mtetemo mpya, ule ambao safari iliyopita haukuwapo. Mtetemo huo hulegeza bolti na kula pakingi ya shafti, na maji ya bahari yakaanza kujaa ngamani. Ukiachwa kwa muda mrefu huweza kukata bolti zinazounga shafti na giaboksi. Shafti ikirudi nyuma na kuchomoka, hubaki tundu chini ya maji. Kwa boti iliyo katikati ya Unguja na Pemba na abiria wake, jambo hilo haliwezi kungojea bajeti ya mwaka ujao.

Hata hivyo, haraka ya kufungua mitambo nayo ina hasara yake. Huweza kununuliwa nozeli mpya, kisha mipira mipya ya kukalishia injini, na mtetemo ukabaki palepale kwa kuwa chanzo kilikuwa kipande cha nyavu kilichojisokota katika rafadha. Inafaa boti iulizwe kwanza, ndipo spana itafutwe.

Swali la kwanza huulizwa gatini. Boti ikiwa imefungwa barabara na gia ikiwa huru, moto huongezwa polepole. Iwapo mtetemo unatokea, chanzo kiko katika injini yenyewe: dizeli iliyoingia maji, nozeli mbovu, au mpira wa kukalishia injini uliokatika. Kwa injini za dizeli za mtindo wa zamani, fundi hulegeza bomba la nozeli moja baada ya jingine. Silinda ambayo bomba lake likilegezwa sauti ya injini haibadiliki, hiyo ndiyo isiyofanya kazi. Njia hii isijaribiwe kabisa katika injini za kisasa za komoni reli, kwani mafuta yake yana shinikizo la kutosha kupenya ngozi ya mtu.

Iwapo injini imetulia gia ikiwa huru, na mtetemo ukaanza gia inapoingizwa, basi chanzo kitafutwe upande wa tezi. Hapo hesabu husaidia. Giaboksi inayopunguza mwendo kwa nusu, injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huizungusha shafti mara 1,000, yaani karibu mara 17 kwa sekunde. Panga la rafadha lililopinda hupiga mara moja kwa kila mzunguko wa shafti, na pigo lake ni zito, husikika miguuni. Rafadha ya mapanga 3 iliyo karibu mno na chini ya boti hutoa mvumo wa haraka zaidi, mara 50 kwa sekunde. Kwa kawaida nafasi baina ya ncha ya panga na boti isipungue sehemu moja ya kumi ya upana wa rafadha.

Rafadha huchunguzwa kwanza kwa kuwa kuichunguza hakugharimu chochote: boti hukalishwa mchangani wakati wa maji kupwa. Wala tatizo hili si la boti ndogo pekee. Meli kubwa ya Ufaransa, Normandie, ilipoanza safari zake mwaka 1935, ilitetemeka vibaya upande wa nyuma. Mwaka 1936 rafadha zake za mapanga 3 zilibadilishwa zikawekwa za mapanga 4, na mtetemo ukapungua sana. Aidha, boti ikiwa mchangani, shafti ishikwe kwa mkono na kutikiswa. Ikicheza waziwazi, beringi ya mpira iliyo karibu na rafadha imekwisha.

Linalobaki ni ulinganifu wa shafti na giaboksi, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Kazi hiyo haifanywi boti ikiwa nchi kavu. Boti ikikaa juu ya magogo umbo lake hubadilika, na ya mbao huvimba tena inaporudi majini. Yapasa ielee siku moja au mbili, mizigo na matangi ya mafuta yakiwa katika hali ya kawaida, ndipo bolti za flanji zifunguliwe. Kabla ya hapo injini izimwe na betri ifunguliwe waya. Nafasi baina ya flanji mbili hupimwa kwa fila geji juu, chini, kushoto na kulia. Kwa flanji ya upana wa milimita 100, tofauti isizidi milimita 0.1. Kisha shafti izungushwe robo na kupimwa tena. Nafasi kubwa ikibaki mahali palepale, injini ndiyo iliyokaa upande, nayo hurekebishwa kwa nati za miguu yake. Ikihama pamoja na flanji ya shafti, basi shafti au flanji yenyewe imepinda, na hakuna kukaza nati kutakakoinyoosha. Ipelekwe karakana yenye mashine ya kereza.

Nahodha anayepeleka boti kwa fundi aandike katika daftari la boti mambo manne: mtetemo ulianza tarehe gani, kwa mizunguko mingapi ya injini, gia ikiwa huru au imeingizwa, na kama boti iligusa mwamba au nyavu siku zilizotangulia. Maji yakiongezeka ngamani pamoja na mtetemo, boti isiondoke gatini na abiria hadi fundi aikague.