Kikao cha Wazee
Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa chama, Amu



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya kazi ya chama chetu kwa wazee, maneno yapate kupigwa chapa pamoja na hesabu za mwaka. Najua ya kuwa msomaji wa kitabu kama hiki aghalabu hufungua kwanza ukurasa wa fedha, wala si vibaya. Maneno yangu nayo yatauhusu ukurasa huo.

Jambo langu ni moja. Mzee ana haja ya msaada, lakini haja yake ya kwanza ni kikao: mahali pa kwenda, watu wa kuonana nao, na kazi itakayopungua asipokuja. Naomba mwaka ujao tuzigawe fedha zetu kwa kuifuata haja hiyo.

Tuanze na sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humhesabu mzee kuwa ni mtu aliyepita miaka 60, na katika kifungu cha 57 yataja haki zake nne. Ya kwanza ni kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Ya pili ni kujiendeleza. Ya tatu ni kuishi kwa heshima, pasipo kuonewa. Ya nne ndiyo kutunzwa na kusaidiwa, na jamaa zake na Serikali pia. Tazameni mpango wake. Sisi tumezoea kuanza na ile ya nne na kuishia papo hapo. Twapeleka mfuko wa mchele, unga na sukari mara moja kwa mwaka, kisha twarudi majumbani tumeridhika.

Sisemi mfuko hauna maana, kwani mwenye njaa hashibi kwa mazungumzo. Serikali nayo imefanya sehemu yake: mwaka 2018 mradi wa Inua Jamii ulifunguliwa kwa wenye miaka 70 na zaidi, kwa kiwango cha shilingi 2,000 kwa mwezi. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba walitangulia mwaka 2016 kwa pensheni yao ya wazee wa umri huo huo. Ni jambo jema. Lakini shilingi 2,000 ukizigawa kwa siku 30 hazitimii 67 kwa siku. Na hata zingekuwa mara tatu, fedha haziwezi kumjulia mtu hali asubuhi.

Tena kuna neno la makaratasi, ambalo kwa kazi yangu ya ukarani nalijua vyema. Wazee wengi walizaliwa nyumbani, pasipo cheti. Mwaka wa kuzaliwa uliandikwa kwa kukisia siku walipokwenda kuchukua kitambulisho. Aliyeandika akikosea kwa miaka mitano, basi mzee wa miaka 72 husomeka ana 67, na jina lake halipokelewi. Wakati mwingine jina huandikwa hivi kwenye kitambulisho na vingine kwenye kitabu cha benki. Huambiwa akalete barua. Akiileta huambiwa akalete nyingine. Kijana mwenye macho mazima huchoka, sembuse mwenye mtoto wa jicho.

Sasa tuutazame mji wetu. Mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji wa kale wa Amu kuwa urithi wa dunia nzima, na wageni huja kuzistaajabia nyumba zetu za mawe. Nyumba hizo ni nzuri, lakini ngazi zake zimesimama wima, na vichochoro havipitishi gari. Mgeni huzisifu ngazi. Mzee wa orofani mwenye magoti mabovu huzihesabu. Siku ngazi itakapomshinda, mji mzima umemshinda, hata kama sauti za watu zamfikia dirishani.

Wanaume wazee wana nafuu kidogo. Mabaraza ya mawe yako njiani, madaka yako milangoni, na pale Mkunguni, mbele ya Ngome, pana kivuli na habari za mji. Mwanamke mzee hana baraza la njiani. Maongezi yake ni ya kutembeleana, na kutembeleana kwataka miguu. Wenzake wakipungua mmoja mmoja, binti akawa kazini, na kijana akawa Mombasa au Arabuni, yeye hubaki na ukuta na redio. Na wenzetu wa visiwa vingine wana zaidi ya ngazi: mzee wa Kizingitini anayehitaji hospitali ya King Fahd hapa Amu hana budi kwanza kuvuka maji.

Upweke huo una madhara mawili. La kwanza ni la mwili. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa katika watu wenye miaka 65 na zaidi, karibu mmoja kwa kila watatu huanguka kila mwaka, na lawashauri watu wa umri huo wafanye mazoezi ya kuimarisha miguu na usawa wa mwili siku tatu au zaidi kwa juma. Akaaye peke yake juu ya kitanda hafanyi mazoezi. Miguu hulegea, akasimama siku moja akaanguka; na baada ya kuanguka huogopa kusimama.

Madhara ya pili ni ya jamii. Mzee asiyeonekana huanza kudhaniwa mambo. Katika jimbo la Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine na jamaa zao wenyewe, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo pana ugomvi wa ardhi. Kule Ganze makao ya Kaya Godoma yalianzishwa yawape hifadhi waliokimbia nyumba zao. Sisemi Amu imefika huko. Nasema ya kuwa mtu aonekanaye kikaoni kila siku, ambaye watoto wa mtaa wamjua kwa jina na kwa mzaha wake, ni vigumu kumzulia neno.

Wala tusidhani mzee akipewa kikao atakaa bure. Muhamadi Kijuma wa hapa Amu, mtunzi, mchonga milango na mwandishi wa hati nzuri, alizaliwa yapata mwaka 1855 akafariki mwaka 1945. Katika miaka ya 1930, akiwa na umri wa miaka 80 hivi, alikuwa akinakili tenzi na mashairi ya kale kwa mkono wake kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, miongoni mwao William Hichens wa Uingereza na Ernst Dammann wa Ujerumani, aliyefika hapa kujifunza. Hati zake zingali zimehifadhiwa katika maktaba za ng'ambo, London miongoni mwao, na wachunguzi wa ushairi wetu huzitegemea. Lau mkono ule ungalipewa mfuko wa unga tu, ni mangapi yangalizikwa pamoja naye! Na yatupasa tujiulize kwa nini wengi wa walioketi mbele yake na daftari walitoka mbali.

Leo pia wako. Wako wanawake wanaosuka ukili na kushona kofia kwa mishono ambayo wajukuu hawaijui. Wako mafundi wanaojua jinsi ya kuchoma chokaa na kupiga lipu ukuta wa mawe usioze kwa chumvi, na manahodha wanaosoma nyota na bamvua. Hawakuandika vitabu. Kitabu ni wao.

Kwa hivyo nayaleta mapendekezo matano.

Kwanza, ukumbi wetu, usio na ngazi, ufunguliwe tangu saa tatu asubuhi hata adhuhuri, siku nne za juma: mbili za wanawake na mbili za wanaume. Pawe na mikeka na viti vya kuegemea, kahawa, na bao.

Pili, vijana wa chama wawe na zamu ya kuwaleta wazee na kuwarudisha. Asiyeweza kushuka kabisa atembelewe kwake kwa siku maalumu, na ziara iandikwe daftarini, ili isiwe ahadi ya mdomo.

Tatu, tumwombe muuguzi aje mara moja kwa mwezi kupima shindikizo la damu, sukari na macho, na awafundishe wazee mazoezi mepesi ya kusimama na kutembea.

Nne, pawe na meza ya makaratasi, kwa vitambulisho, barua na madai ya Inua Jamii. Meza hiyo nitaikalia mimi mwenyewe kila Jumamosi, pasipo malipo.

Tano, wazee wenye ujuzi wawafundishe watoto wetu, na maneno yao yanaswe kwa simu za vijana, kwa idhini yao. Wapewe posho kwa kazi hiyo. Posho hiyo katika hesabu zetu isiandikwe sadaka, iandikwe ujira.

Nazijua hoja za kupinga. Wengine husema mzee ni wa watoto wake. Ni kweli, na Katiba yenyewe hutaja jamaa kabla ya Serikali. Lakini binti anayemlea mama yake peke yake, pamoja na watoto na kibarua, naye huchoka, na mchovu huweza kusema neno ambalo hakulitaka. Saa tatu za kituo ni pumziko lake pia. Wengine watasema ukumbi ni wa mikutano na harusi. Ngome yetu, iliyokamilika yapata mwaka 1821, ilikuwa jela hata mwaka 1984. Leo pana maktaba na nafasi ya mikusanyiko. Jengo hufuata haja ya wenyewe. Na katika mji huu punda wana zahanati yao tangu mwaka 1987. Nawapongeza walioifungua, kwani mnyama atubebeaye mizigo astahili hisani. Waliotubeba sisi mgongoni wasiwe nyuma yake katika zamu.

Imebaki hoja ya fedha. Siombi mchango mpya. Naomba fedha za mifuko ya mwaka zigawanywe mara mbili: nusu ibaki kwa wale wasio na kitu kabisa, na nusu ifungue ukumbi. Najua ya kuwa nyumba nyingine zilizozoea mfuko zitaukosa, na zitanung'unika, na manung'uniko hayo yatatufikia sisi halmashauri. Afadhali tuyapokee, tukaeleze mlango kwa mlango, kuliko kuendelea kugawa mchele kwa mtu anayengoja mgeni.

Wahenga wamesema, penye wazee haliharibiki neno. Hawakusema penye mifuko ya wazee. Walikusudia wazee wenyewe wawepo, wameketi, wanasikika. Mkutano huu utapiga kura juu ya shauri hili kabla ya adhuhuri, nami nawaomba kila mmoja, kabla ya kuinua mkono, amkumbuke mtu mmoja wa orofani anayemjua.