Nani Atangulie Chanjo Ikiwa Chache?
Tarehe 27 Septemba 2024, ugonjwa wa Marburg ulitangazwa hapa Rwanda. Wengi wa wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya wa Kigali. Oktoba 5 zilifika dozi zipatazo 700 tu za chanjo iliyokuwa bado kwenye majaribio. Wahudumu wa afya wakatangulizwa. Je, huo ni upendeleo? La. Muuguzi akianguka, nani atamhudumia mgonjwa wa kesho?

Lakini aliyetangulizwa ana deni: amhudumie kila mtu kwa kuangalia hali yake, si pesa, kabila wala uraia. Kambini nako, ukiambiwa usubiri, uliza kwa nini. Mhudumu ana wajibu wa kukueleza.