Ngoma Nzuri Nayo Hutangazwa

(Mazungumzo na wanakisomo na vikundi vya ngoma vijijini)



Leo tutazungumza juu ya ngoma. Hatutawafundisha kucheza, maana hilo mnatushinda. Tutazungumza juu ya kazi inayotangulia ngoma, yaani kuwaita watu. Vikundi vingi sasa vinapenda kutoza kiingilio na kupokea watalii. Ni jambo jema. Lakini fedha ya kuandaa siku hiyo hutoka mifukoni mwenu kwanza. Watu wasipokuja, pamba mliyoivuna kwa jasho imepotea bure.

Wako wanaosema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Sokoni ni kweli, kwa sababu embe bivu linaonekana kwa macho. Ngoma haionekani mpaka mtu afike. Sasa atafikaje kama hakusikia?

Tazameni Bujora, pale Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka mjini Mwanza. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alishirikiana na Wasukuma kukusanya vitu vya mila, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Pale hufanyika sikukuu ya Bulabo, inayofuata sikukuu ya Ekaristi ya Wakatoliki. Kwa kawaida huwa mwezi wa Juni. Watu hawaulizi kama ipo. Wanajua ipo. Tena Juni watu wengi wamekwisha vuna, nafasi ipo na senti kidogo zipo.

Pale hushindana vyama viwili vya zamani vya ngoma, Bagika na Bagalu. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji wakikimbilia upande huu, upande huu unashinda. Ndiyo maana wengine huleta chatu, wengine hurusha majembe. Basi Wasukuma wamejua zamani kwamba watu lazima wavutwe. Tunalotaka sisi ni kuanza kuwavuta kabla hawajatoka nyumbani. Fanyeni hivi.

Kwanza, ulizeni: tunamwita nani? Msiseme "watu wote". Jirani wa kijiji cha pili anataka kujua nani anashindana na nani. Mwambieni mnadani, na kwenye matangazo ya kanisani na msikitini. Mwalimu mkuu anataka kujua watoto watajifunza nini na watarudi saa ngapi. Mwandikieni barua. Mtalii anataka kujua njia, bei, na kama ataruhusiwa kupiga picha. Mtalii huyo hamjui mwenyekiti wa kijiji, anamjua dereva wake na hoteli yake. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapita Kisesa, na ndiyo inayofika lango la Ndabaka la Serengeti. Kwa hiyo nendeni mkazungumze na madereva na wenye hoteli.

Pili, pangeni wakati. Mtalii wa ng'ambo hupanga safari yake miezi mingi mbele, basi habari zake zitangulie. Shule ziandikiwe muhula unapoanza. Redio na gari la kipaza sauti ni za wiki ya mwisho, ili jirani asisahau. Tarehe ikishatangazwa isibadilishwe ovyo.

Tatu, pigeni hesabu. Chukueni daftari. Tuseme matumizi ni haya:

Karatasi za matangazo 40 kwa sh. 500: sh. 20,000
Gari la kipaza sauti: sh. 60,000
Chakula cha wachezaji: sh. 100,000
Viti na turubai: sh. 120,000
Jumla: sh. 300,000

Kiingilio kikiwa sh. 2,000, gawanyeni 300,000 kwa 2,000. Mnapata 150. Maana yake watu 150 wa kwanza wanarudisha gharama tu. Faida inaanza na mtu wa 151. Sasa jiulizeni kwa haki: je, tunaweza kuwapata? Kama hapana, punguzeni turubai, au subirini mwakani. Kusubiri si aibu. Aibu ni kukopa fedha ya ushirika ukashindwa kuirudisha.

Nne, semeni kweli. Mkiandika chatu atakuwepo, chatu awepo. Mkiandika saa nane mchana, ngoma ilie saa nane, si saa kumi. Mgeni aliyedanganywa hanyamazi, na siku hizi ana simu mkononi. Atawaambia wenzake kabla hata hajafika kwake. Tena wazee wakikataa jambo fulani la mila lisionyeshwe, lisiandikwe kwenye tangazo, hata kama lingeleta watalii mia. Amueni hayo kikaoni mapema, msigombane mbele ya wageni.

Tano, mlangoni wekeni mtu mwenye daftari. Kila anayeingia aulizwe swali moja: "Habari zetu umezisikia wapi?" Mwandishi apige mstari mmoja chini ya neno redio, mnada, karatasi, barua, dereva au simu. Jioni hesabuni mistari. Labda redio ina mistari 12, na mnada una 90. Hapo mmejua fedha ya mwakani iwekwe wapi. Kazi hii haihitaji mtaalamu kutoka mjini. Inahitaji mtu anayejua kuandika na kuhesabu, na ninyi mnajua. Mlisoma kwa ajili ya mambo kama haya.

Ndugu zetu, ngoma ni yenu, mlirithi kwa wazee. Msiiache ichezwe mbele ya viti vitupu.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Katika eneo lenu, ni ngoma au mahali gani pa mila wageni wangependa kuona?
2. Mtamwita nani kwanza, na habari zimfikie kwa njia gani?
3. Matumizi yakiwa sh. 180,000 na kiingilio sh. 1,500, wanatakiwa watu wangapi kurudisha gharama?
4. Ni jambo gani la mila ambalo hamtaki kulionyesha kwa fedha? Kwa nini?