Kuridhika na Kazi ni Sehemu ya Afya

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa Momela, Arusha, mbele ya watumishi wa Serikali kutoka Visiwani.)



Awali ya yote, natoa shukrani kwa wenyeji wetu kwa kutupokea chini ya Mlima Meru. Tumetoka katika joto la pwani, na asubuhi ya leo kila mmoja wetu alitafuta koti.

Hapa langoni tumewaona askari wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1960. Kila kundi linalopanda Meru husindikizwa na askari mwenye bunduki, kwa sababu njia hiyo ina nyati. Hupita Miriakamba, kiasi cha mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha usiku wa manane huelekea kilele kilichozidi mita 4,500. Kazi hiyo ni nzito, ina baridi na hatari. Lakini askari anajua kwa nini yupo mbele; yeye ndiye anayeamua wapi kundi lisimame; na mwisho wa safari huona kwa macho yake kuwa aliowachukua wamerudi salama.

Sasa tujitazame sisi wa ofisini. Mwaka 1967, mwaka ule ule lilipotangazwa Azimio la Arusha, watafiti wa Uingereza walianza kuchunguza afya ya watumishi wa Serikali mjini London. Walibaini kuwa wenye vyeo vya chini walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi kuliko wakubwa wao. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985 chini ya Profesa Michael Marmot na kuhusisha watumishi 10,308, ulionesha kwamba mtu asiye na kauli juu ya kazi yake yumo katika hatari zaidi ya maradhi hayo. Aidha, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Hivyo basi, wingi wa kazi hudhuru, na kutosikilizwa hudhuru vilevile.

Ndugu watumishi, nami nina deni la kulikiri. Nilipokuwa mkuu wa kitengo, karani mmoja wa masjala aliniandikia mara tatu akiomba apangiwe kazi nyingine. Sikumjibu. Nilidhani kunyamaza ni kukataa kwa upole. Siku aliyostaafu aliniambia kuwa angelikataliwa, angelikubali. Kilichomkosesha usingizi ni kuyapanga kila siku majalada ya wenziwe yaliyojibiwa, hali la kwake halijibiwi. Nilimwomba radhi, lakini miaka yake sikuweza kumrudishia.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa idara mambo mawili. Kwanza, mtumishi akiandika ajibiwe, hata kama jibu ni hapana, na aelezwe sababu. Pili, aachiwe kuamua yale yaliyo ndani ya uwezo wake, na aoneshwe kazi yake imemfaa nani.

Nasi watumishi tuna wajibu wetu. Tuchukue likizo zetu kwa wakati. Tupime shinikizo la damu kabla ya kuugua. Tutembee kwa miguu panapowezekana. Mwenye dhiki asijifungie nayo. Amweleze mwenzake, mkuu wake au daktari.

Wazee walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Ni kweli, na wengi wetu hatukuchagua meza tunazokalia. Wala sisemi kuwa kuridhika ni badala ya mshahara wa haki. Askari wa Momela naye ana watoto wa kusomesha. Nasema kuwa mshahara pekee hautoshi kumlinda mtu anayehisi kuwa hayupo.

Tutakaporejea Visiwani, kila mkuu afungue droo yake. Ikiwa humo mna barua isiyojibiwa, na ijibiwe siku hiyo hiyo. Mimi nitaanza na ya kwangu.