Nywele za Kunyoa Zisishuke Kwenye Sinki

Mazungumzo ya afya ya mazingira kwa wapangaji, wenye ploti na vinyozi wa Kaunti ya Mombasa



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo linaloanza Alhamisi usiku au Jumapili jioni, mtu anapojitayarisha kwa Ijumaa au kwa kazi ya Jumatatu. Anasimama mbele ya kioo, anapunguza ndevu kwa mashine juu ya sinki, anamalizia kwa wembe, kisha anafungua mfereji ili nywele zishuke. Zikishapotea machoni, kwake kazi imekwisha. Baada ya miezi kadhaa maji yanaanza kusimama kwenye sinki. Katika ploti ya ghorofa, ambako bomba ni moja kwa wote, maji hayo huweza kutokea kwa mpangaji wa chini, naye pengine ni mama mwenye mtoto mchanga ambaye hajawahi kushika mashine ya kunyolea.

Nywele zile huwa zimekwenda wapi? Chini ya kila sinki pana kipande cha bomba kilichopinda. Hapo maji hubaki siku zote, na maji hayo ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande chumbani. Lakini palipopinda ndipo pia uchafu unapopata pa kukaa. Nywele haziozi upesi kama chakula, kwa sababu zimeumbwa kwa keratini, protini ngumu iliyomo pia katika kucha na pembe za ng'ombe. Hujishika penye mkwaruzo na kwenye maungio ya bomba, nyingine zikajifunga juu yake.

Hapo sabuni nayo huingia kazini. Wengi wa Mombasa hutumia maji ya kisima, na visima vya Pwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yake yana chokaa nyingi. Sabuni ya kipande ikikutana na maji ya namna hiyo hutoa povu kidogo, na sehemu nyingine hugeuka utando mweupe unaonata. Utando huo ukishika nywele, kinachopatikana bombani ni kama saruji na nondo: nywele hushikilia, sabuni hugandisha.

Ni haki kusema kwamba kunyoa kote si sawa. Anayenyoa kwa wembe kila asubuhi hukata vipande vifupi mno, kwa kuwa ndevu hukua chini ya nusu milimita kwa siku. Tatizo kubwa ni anayekata ndevu au nywele za mwezi mzima, zenye urefu wa karibu sentimita moja, na baba anayewapanga watoto mbele ya sinki siku moja kabla ya shule kufunguliwa.

Wako wanaodhani dawa ni kumwaga maji mengi. Katika mji ambao watu hununua maji kwa mtungi wa lita 20, hiyo ni hasara juu ya hasara, na mara nyingi maji huzisukuma nywele hadi kwenye kona inayofuata tu, mahali ambapo mkono haufiki.

Njia iliyo rahisi ni kunyoa nywele zikiwa kavu, na kunyolea mbali na sinki. Mtu aketi uani au chumbani, atandike gazeti au kanga kuukuu, akimaliza aikunje na kuikung'uta pipani. Asiye na nafasi na alazimike kusimama kwenye sinki, alizibe tundu kwanza, alitandike gazeti ndani yake, na nywele zitakazoponyoka azipanguse kwa karatasi ya chooni kabla ya kufungua mfereji. Kosa hufanyika hapo hasa: nywele kavu huondoka kwa mpanguso mmoja, lakini zikishalowa hunata kila mahali na mtu hukata tamaa akazisukuma chini. Kwa wembe, kopo la maji linatosha kuusuuzia. Maji ya kopo yamwagwe kupitia chujio kuukuu la chai, lisilorudi tena jikoni.

Nywele zilizokusanywa ziende kwenye pipa la taka. Wazee wengi wa Pwani wana desturi ya kuzika nywele na kucha, nayo haina ubaya: nywele zina naitrojeni, na udongo huzitumia polepole. Kuzichoma ndiko kusikofaa, majirani watalalamikia harufu. Wembe uliotumika usichanganywe humo. Utiwe kwenye kopo lenye kifuniko, maana wako watu wanaozoa taka kwa mikono mitupu.

Vinyozi nao wafagie sakafu kabla ya kumwaga maji, waweke chujio kwenye beseni la kuoshea vichwa, na wasizisukume nywele kwenye mtaro wa barabarani. Mvua za masika zikija, mtaro ule ule ndio unaorudisha maji dukani.

Sinki ikishaziba, wengi hukimbilia kostiki soda. Ni kweli huyeyusha nywele, lakini huunguza ngozi na hupofusha macho kwa namna hiyo hiyo. Maji yakimiminwa juu yake huchemka na kuruka. Ikikutana na asidi ya kusafishia choo, hulipuka usoni. Dawa ya kung'arisha nguo nayo, ikichanganywa na asidi hiyo, hutoa gesi ya klorini, na chumba cha kuogea cha ploti hakina hewa ya kutosha kumwokoa mtu. Aliyerukiwa na kostiki aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Anayemwita fundi baada ya kumimina dawa amwambie kabla hajafungua bomba. Mafundi huungua kwa sababu ya kunyamaziwa.

Kwa kawaida dawa haihitajiki. Ndoo iwekwe chini ya sinki, nati za plastiki zifunguliwe kwa mkono, kipande kilichopinda kitolewe na kusafishwa kwa kijiti na mswaki wa zamani. Mipira ya maungio irudishwe ilivyokuwa, la sivyo patavuja. Uchafu wa ndoo utolewe kwenye pipa. Kuna watu hufanya kazi hiyo yote vizuri, kisha wakaimwaga ndoo kwenye sinki ile ile.

Sehemu kubwa ya Mombasa haijafikiwa na bomba kuu la maji taka, bali hutegemea mashimo. Shimoni, bakteria huyeyusha kinyesi na karatasi, lakini nywele hukaa muda mrefu zikishikana na mafuta, na kostiki nyingi huwaua bakteria wenyewe. Shimo hujaa mapema, likafurika uani. Katika mitaa ambako shimo na kisima vimekaribiana, mafuriko hayo ni kipindupindu na homa ya matumbo.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huhesabu mfereji wa maji machafu ulio katika hali ya kudhuru afya kuwa kero, na aliyeisababisha, mwenye nyumba au anayeikalia aweza kupewa notisi ya kuiondoa. Bomba la pamoja la ploti hugombaniwa sana: mwenye nyumba husema wapangaji ndio waharibifu, wapangaji husema bomba ni bovu. Ni vyema makubaliano ya kupanga yaseme mapema nani husafisha kipinde cha kila chumba na nani hulipia bomba kuu na shimo. Pasipokuwa na maafikiano na maji machafu yanatokea, mkazi amfikie afisa wa afya ya umma wa wadi yake, amweleze ploti ilipo, maji yanatokea wapi na tangu siku gani, bila kungoja shimo lifurike.